Mkwe Mwenye Pasaka Yake

Mansfield, 11 Machi 2018

Bertila mdogo wangu,

Nimeamua kukuandikia kama zamani ulipokuwa bwenini, maana juzi kwenye simu tulipigiana kelele na sijui hata nani alimkatia mwenzake. Kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza.

Jambo lenyewe unalijua nusu. Ndeshi amepata mchumba. Miaka yote nimemwombea, kwaya nzima inajua, mpaka akina mama wameacha kuniuliza. Sasa Jumatano ananipigia: "Mama, kuna mtu nataka umwone. Anaitwa Elphas. Ni Myahudi."

Kichwani nilikuwa nahesabu vyumba, huyo mgeni atalala wapi. Nikamwambia basi, mlete Pasaka, familia yote itakuwepo. Akasema, "Mama, hata yeye ana Pasaka wiki hiyohiyo." Nilifurahi! Nikamwita Rogers aliyekuwa uwani, nikamwambia mkwe wako ameokoka. Ndeshi akasema hapana Mama, ni Pasaka nyingine.

Bertila, Pasaka ziko ngapi?

Ndipo nikakupigia wewe, na yakawa yale. Sasa nauliza kwa utulivu. Wewe ulipofika Houston ulimtunza yule bibi wa Kiyahudi miaka minne, na Ndeshi anaishi dakika kumi kutoka kwako. Niambie huyu mtu anakula nini. Nimepanga mtori wa maziwa, ule mzito. Rogers atachoma mbavu za nguruwe. Nitapika chapati, na Mama Clara wa kwaya ameahidi kuleta mbege. Nifunike kichwa? Atanipa mkono? Rogers anasema kama ni Mzungu aje tu, Wazungu tumewazoea. Mimi sijazoea Mzungu wa kuniita mama.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Prudensia

*

Pearland, 16 Machi 2018

Dada Prudensia, shikamoo.

Nimecheka zamu nzima hospitalini, mgonjwa mmoja akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Samahani kwa simu. Mimi ndiye niliyekata.

Tuanze na chakula, kwa sababu, dada yangu, hakuna hata kimoja ulichopanga ambacho atakula.

Kiswahili chetu kina Pasaka moja kwa mambo mawili. Yetu ni ufufuko. Yao ni kutoka Misri. Walitoka mbio, unga haukupata muda wa kuumuka, basi kila mwaka kwa siku nane hawali mkate, wala chapati, wala andazi, wala pombe kama bia na mbege. Si kula tu, hata ndani ya nyumba visiwemo. Yule bibi yangu alikuwa akinipa mshumaa na unyoya, tunatafuta makombo kabatini kama watu waliodondosha pete. Badala yake wanakula matza, mkate mkavu kama kadibodi. Jioni ya kwanza wanaketi mezani, mtoto mdogo kuliko wote anauliza kwa nini leo si kama siku nyingine, na wakubwa wanamjibu kwa kusimulia safari nzima. Lakini hawasemi "babu zetu walitoka." Wanasema "sisi tulitoka." Nilikuwa nasimama pale na sinia, natokwa machozi, na wala hainihusu.

Nguruwe hawali siku yoyote ya mwaka. Mtori wa maziwa nao hapana, maana una nyama, na nyama na maziwa havikutani. Torati imesema usimtokose mwanambuzi katika maziwa ya mama yake, na wazee wao wakaizungushia amri hiyo uzio mpana, mpaka wana sufuria za nyama na sufuria za maziwa, mbalimbali. Kwa hiyo atakuja na sufuria yake na sahani yake. Usichukie. Hadharau jiko lako.

Jumapili yenyewe hatasafiri, ni sikukuu kamili kwao na hawaendeshi gari. Waje Jumatatu ya Pasaka. Sabato pia ni hivyohivyo, tangu Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi nyota zitoke: hakuna kazi, hakuna simu, hakuna moto mpya.

Mkono atakupa. Kichwa chako ufunike au usifunike, ni chako. Mungu wao ni mmoja, hachorwi wala hachongwi, na Masihi bado wanamngoja, basi nakuomba usifungue mjadala huo mezani.

Mengine utayaona mwenyewe ukifungua mlango.

Mdogo wako,
Bertila

*

Mansfield, 3 Aprili 2018

Bertila,

Wewe ni mtu mbaya.

Kengele ilipolia nilikuwa nimevaa kile kitenge cha bluu na kilemba. Nikafungua. Ndeshi amesimama, na pembeni yake kijana mrefu, mweusi kuliko Rogers, ana kofia ndogo ya kufuma utosini na sufuria mpya mkononi. Nikamsalimia. Kisha nikachungulia nyuma yake. Nikatazama mpaka barabarani. Nikamwuliza Ndeshi, "Mgeni anaegesha gari?"

Yule kijana akasema, "Shikamoo Mama. Mgeni ni mimi."

Rogers alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Ulijua! Ulijua ni Mwafrika kutoka Mbale, Uganda, ukaniacha niazime kitabu cha mapishi ya Wazungu kwa jirani. Anasema huko milimani kwao watu walianza kuishika Torati yapata miaka mia iliyopita, na babu wa baba yake alikuwemo. Wakati wa Amini walikatazwa, nyanya yake akawa anasalisha watoto siku ya Sabato kwa kunong'ona huku akijifanya anapeta karanga. Sasa yeye anafanya kazi maabara ya hospitali huko kwenu. Kiswahili chake kinachechemea. Anasema "Mama, mimi sitaki kusumbua wewe," halafu anaingia jikoni kuosha vyombo.

Nilikuwa nimechoma ndizi mbichi juu ya wavu mpya, nimezifunga kwenye karatasi ya alumini, na maparachichi, na mayai. Amekula ndizi tano. Kabla ya kula alisema sala ya Kiebrania, nikamwuliza maana yake. Kumbe kila chakula kina maneno yake. Tunda la mti lina sala ya miti, mboga zina sala ya ardhi. Ndizi, akaniambia, husemewa sala ya ardhi, kwa sababu mgomba si mti: ukizaa unakatwa, na mwaka ujao si shina lilelile. Nikamtazama Rogers. Mtu amezaliwa Kibosho, amekulia chini ya migomba, na hakuna mchungaji aliyewahi kumwambia Mungu ametofautisha mgomba na mti. Nikasema moyoni, huyu ataoa kwangu.

Sasa neno la pili, nalo silo la kucheka. Chapati niliziweka kando kwa ajili yetu, laini, zile Ndeshi alizokuwa akizila tangu hajaota meno ya mbele. Hakuigusa hata moja. Akasema hana njaa. Akachukua ndizi, midomo yake ikasogea, akala.

Bertila, yule nimemzaa. Kuna jambo, na wewe unalijua. Niambie.

Prudensia

*

Houston, 10 Aprili 2018

Mama yangu mpendwa, shikamoo.

Mama Mdogo amenionyesha barua yako. Amesema hawezi kuijibu, ni yangu kujibu. Samahani kwa Kiswahili changu, nimeandika mara tatu na bado kuna makosa.

Mama, ninasoma ili niwe Myahudi. Nilianza kabla ya mwaka mpya. Nilipaswa kukuambia wewe kwanza na niliogopa.

Najua utasema ni kwa sababu ya Elphas. Nikueleze ilivyoanza. Agosti, baada ya kimbunga Harvey, nilikwenda na watu wa kazini kusafisha nyumba zilizofurika. Tulipelekwa sinagogi moja. Maji yalikuwa yamefika kiunoni, vitabu vyote vya sala vimevimba kama mikate. Nikaanza kuvitia kwenye mifuko ya taka. Mtu mmoja akanishika mkono, polepole, akasema, "Dada, hivyo hatutupi." Ndiye Elphas. Nikamwuliza tutafanya nini na vitabu vilivyooza. Akasema, "Tutazika."

Nilidhani ni mzaha. Lakini wiki chache baadaye nilikwenda makaburini nao. Walichimba kaburi halisi. Wazee, watoto, kila mtu alibeba kitabu mikononi akakilaza. Kwa sababu kina jina la Mungu, hakitupwi. Bibi mmoja alikibusu chake kwanza. Nilisimama pale na matope kwenye viatu, na nikafikiri: hawa watu ningependa kuwa nao. Elphas wakati huo hata namba yangu hakuwa nayo.

Nilikwenda kwa rabi wao, ni mwanamke. Akanikataa. Akaniambia, "Rudi nyumbani, uwe mtu mwema huko uliko, inatosha." Nikarudi tena baada ya sikukuu ya taa ya Desemba, akanikataa tena. Nasoma mwenyewe na ninahudhuria Sabato, na nitamrudia.

Sikuachi wewe, Mama. Amri ya kumheshimu baba na mama imeandikwa kwao pia, na haifutiki kwa mtu anayeingia. Hiyo niliuliza kabla ya swali lingine lolote.

Usimkasirikie Mama Mdogo. Nilimwapisha.

Mwanao,
Ndeshi

*

Mansfield, 30 Agosti 2018

Bertila,

Ni miezi mitano sijakuandikia wala kupokea simu zako, na nilikusudia ifike sita. Ulijua mwanangu anaondoka kwenye imani niliyombatizia, ukakaa kimya ukinifundisha habari za sufuria. Nimeimba kwaya msimu mzima huku nimekunja uso, mwalimu akaniuliza kama jino linauma.

Lakini jana nimeisoma upya barua ya Ndeshi ya Aprili. Mara ya kwanza niliishia kwenye neno Myahudi, sikuona mbele. Sasa nimesoma mpaka chini. Bertila, wamemkataa? Mara mbili? Ndeshi wangu! Mtoto aliyemaliza chuo na heshima zake, asiyejua kumjibu mkubwa, anafukuzwa mlangoni kama mchuuzi?

Nimemwandikia huyo rabi. Rogers alinikataza, nikaandika. Nakupa uione nakala:

"Kwako Rabi. Mimi ni mama yake Ndeshi. Ninapinga jambo hili na ninaliombea lisifanikiwe. Lakini kama umemkataa kwa sababu ya tabia yake, umekosea. Akiwa na miaka kumi na mbili alitoa koti lake shuleni akarudi anatetemeka, akaniambia amelisahau. Alimwogesha bibi yake mpaka siku ya mwisho. Hakuna nyumba ya Mungu popote inayofaa kumfungia mlango. Kama utamkataa, mkatae kwa sababu nyingine. Wako katika Kristo, Prudensia."

Nimeituma kwa posta, ile ya kupokelewa kwa saini.

Prudensia

*

Pearland, 13 Septemba 2018

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika kwa rabi. Ndeshi anasema aliisoma amesimama, akacheka, akakaa, akalia, kisha akaisoma tena. Ameiweka kwenye droo ya meza yake na amekataa kuirudisha.

Sasa nikueleze, na ujiandae kujisikia vibaya kidogo. Kukataa ni desturi. Anayetaka kuingia hurudishwa, mpaka mara tatu, ili ijulikane hakusukumwa na mtu wala na mapenzi. Wao hawatafuti waumini, Dada. Wanaamini mtu mwema wa taifa lolote ana fungu lake katika ulimwengu ujao, wewe na Rogers na mimi tukiwemo, bila kubadili chochote. Kwa hiyo rabi akimwambia mtu rudi nyumbani hamtukani. Tena Ndeshi alirudi mara ya tatu mwezi wa Mei, na mlango ukafunguliwa. Wakati unaandika ile barua alikuwa darasani tayari.

Jingine. Juzi walianza mwaka mpya wao, wakala tofaa na asali ili mwaka uwe mtamu. Jumanne ijayo jioni inaingia Siku ya Upatanisho, wanafunga chakula na maji mpaka kesho yake nyota zitoke. Lakini wanasema kufunga huko hakufuti kosa la mtu kwa mtu. Mungu husamehe yaliyo yake tu. Ya jirani yako unakwenda kwa jirani mwenyewe, kwa miguu yako, kabla ya siku kuingia.

Mimi si Myahudi, ni Mlutheri kama wewe, lakini nimeona wanasema kweli. Nilikuficha jambo la mwanao. Nilijiambia nalinda siri ya mtoto, na kumbe nilikuwa naogopa ukali wako tangu nikiwa na miaka sita. Naomba unisamehe. Kwetu ningekuja na jani la sale mkononi, nawe usingeweza kunikatalia mbele ya jani. Hapa Pearland masale yanauzwa kwenye vyungu kama maua. Nimechuma moja, limo ndani ya bahasha. Kama limekauka, lione lilivyokuwa.

Mdogo wako,
Bertila

*

Mansfield, 25 Septemba 2018

Bertila,

Limefika, limekunjika kidogo. Nimelibandika kwenye friji. Yamekwisha.

Nilikuja Houston na basi Jumamosi, nikalala kwako huku wewe uko zamu, nikakusafishia oveni. Jumapili nikakosa ibada, mara ya kwanza mwaka huu, kwa sababu Ndeshi alinipigia akisema wanajenga kibanda na hawana mtu anayejua kufunga majani.

Nilipofika uwanja wa sinagogi nikakuta madaktari na mawakili wanashika nyundo kwa kichwa chake. Rabi alikuwa juu ya ngazi, mwanamke mfupi mwenye miwani, akashuka akanikumbatia bila kuuliza jina. Akasema, "Wewe ndiye 'Wako katika Kristo.'" Sijui kama niliona aibu au fahari.

Wakanieleza. Baada ya Misri walikaa jangwani kwenye vibanda, basi kwa siku saba wanakula nje, chini ya paa la majani, wakumbuke kwamba nyumba imara si ukuta. Nikauliza majani yako wapi. Wakanionyesha mianzi minne. Nikawauliza, na ile migomba ya jirani? Elphas akaenda akaomba. Dada yako akapanda kiti, akafunga paa la migomba kama lile la jiko la mama, jani juu ya jani, tone lisipite.

Nikashuka kusikiliza sifa. Rabi akakohoa. Kumbe sheria inataka kivuli kizidi jua, lakini nyota zionekane. Paa langu halionyeshi hata mwezi! Halifai kwa sababu ya uzuri wake. Ndeshi alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko, na Elphas, maskini, anasema, "Mama, wewe umejenga vizuri kupita Torati."

Nikapanda tena nikafungua nafasi. Tukala chini yake, mimi na mwanangu tumebanana bega kwa bega, na sijamwona akiwa na furaha ile tangu tulipohamia nchi hii. Bado nalia nikifikiri juu ya ubatizo wake. Nalia, na kibanda nimejenga.

Prudensia

*

Houston, 3 Machi 2019

Mama yangu, shikamoo.

Safari hii sifichi kitu. Tarehe 13 nitakaa mbele ya watu watatu wanaoitwa mahakama, waniulize maswali, kisha nitazamishwa mwili mzima kwenye maji ya mikve. Nikitoka nitakuwa Myahudi. Ningependa uwepo.

Na kuna jambo utalisikia huko, afadhali ulisikie kwangu. Myahudi huitwa kwa jina lake na la wazazi wake, kama vile sisi tunavyosema binti wa fulani. Anayeingia kutoka nje huitwa binti wa Abrahamu na Sara. Itaandikwa hivyo kwenye hati, na hata kwenye mkataba wa ndoa. Si Rogers na Prudensia.

Nilimwambia rabi kwamba hili linaniuma. Akasema liniume, na nikuandikie.

Mwanao, na hilo halibadilishwi na hati,
Ndeshi

*

Pearland, 14 Machi 2019

Dada, shikamoo.

Hukuja, na Ndeshi hajapata jibu lako. Sikulaumu. Nakuandikia yaliyotokea.

Mahakama yenyewe ni rabi wake na wengine wawili, mezani kuna chai. Walimwuliza Sabato anaitunza vipi, anaamini nini, atafanya nini watu wakiwachukia Wayahudi. Mwezi Oktoba watu kumi na mmoja waliuawa sinagogini Pittsburgh wakisali, unakumbuka. Akajibu kwamba Sabato iliyofuata alikwenda sinagogi mapema, akakaa benchi la mbele.

Mwisho rabi akamwuliza, "Utawapa nini wazazi wako?" Ndeshi akasema, "Krismasi nitakuwa nyumbani kwao napika. Si sikukuu yangu tena, ila ni yao, na wao ni wangu."

Mikve ni kama kisima kidogo cha ndani, vigae vya bluu, maji ya mvua yamo. Walinipa nafasi nje ya mlango uliofunguliwa kidogo, nisikie nisione. Rabi akawa ndani. Nikasikia maji yanafunga juu ya kichwa, kimya, halafu pumzi. Rabi akasema kwa sauti, "Kosher!" maana yake imefaa. Mara tatu hivyo. Mara ya pili alisahau Kiebrania katikati ya sala, nikasikia anasema "ngoja, ngoja" kwa Kiswahili.

Sasa jina. Kila anayeingia hujichagulia jina la Kiebrania. Walidhani atachukua lililozoeleka. Akawaambia: "Mama yangu anaitwa Prudensia, maana yake busara. Kwa Kiebrania akili ya namna hiyo mnaiitaje?" Wakatazamana, wakasema Bina. Akasema, "Basi mimi ni Bina."

Kwa hiyo hati imeandikwa Bina, binti wa Abrahamu na Sara. Pa mama pamechukuliwa na Sara. Ndeshi akakuweka pa kwake mwenyewe. Kila atakapoitwa kuisoma Torati, mpaka uzee wake, wewe ndiye utakayetajwa kwanza.

Bertila

*

Mansfield, 20 Machi 2019

Bertila,

Niliisomea barua yako kwenye gari, mbele ya duka la vyakula, nikashindwa kushuka. Rogers akanitafuta, akaingia, akaisoma, naye akashindwa kushuka. Tulirudi nyumbani bila maziwa.

Nimempigia Ndeshi. Nimemwita Bina. Tukalia vya kutosha, sasa tufanye kazi. Kamati ya harusi imeundwa, Mama Clara ni mwekahazina, na tumepanga Jumamosi tarehe 27 Aprili. Kama kuna tatizo, Jumamosi 18 Mei. Kama kuna tatizo tena, tarehe 9 Juni, hiyo ni Jumapili, tumewasikiliza.

Rogers anataka ndafu, mbuzi mzima. Anasema anaweza kukosa pete lakini si ndafu.

Prudensia

*

Pearland, 27 Machi 2019

Dada,

Kaa chini.

Tarehe 27 Aprili ni Sabato, na ni Pasaka yao siku ya mwisho. Ingekuwa harusi bila keki na bila gari. Tarehe 18 Mei ni Sabato tena, na iko ndani ya zile wiki saba za baada ya Pasaka ambazo kwa desturi hawaozi. Tarehe 9 Juni wiki hizo zimeisha, hongera, lakini ndiyo sikukuu yenyewe ya kupewa Torati.

Jumapili tarehe 16 Juni iko wazi. Hapa Marekani ni Siku ya Baba, mwambie Rogers.

Ndafu inawezekana nusu. Mbuzi achinjwe na mchinjaji wao, kwa kisu kisicho na pengo hata la unywele. Tatizo ni miguu ya nyuma. Yakobo alishindana na malaika akaguswa nyonga, na tangu hapo mshipa ule hauliwi. Kuutoa ni kazi ya fundi, basi mabucha yao huku huuza nusu ya mbele tu. Nyama tutapata. Mbuzi mzima aliyesimama na majani mdomoni, hapana.

Mpe Rogers habari hii akiwa ameshiba.

Bertila

*

Mansfield, 18 Juni 2019

Mwanangu Ndeshi, Bina wangu,

Najua tumeonana juzi, lakini siku ile hatukupata hata dakika mbili za kuzungumza, na wewe uko katika wiki yako ya karamu saba za baada ya harusi. Basi nakuandikia.

Kwanza, baba yako anaomba radhi kwa mbuzi. Alitwaa ile nusu ya mbele, akaisimamisha nyuma ya fungu la majani ya mgomba, kichwa kinatokeza na jani mdomoni, hata wazee wa Moshi wakapiga makofi. Aliwaambia mbuzi amekaa. Mchungaji wetu alizunguka nyuma kuhakikisha, na mpaka leo hajasema alichokiona.

Pili, lile la glasi. Nisamehe. Elphas alipoikanyaga ikavunjika, mimi nilidhani ni bahati mbaya, nikapaza sauti "Pole mwanangu!" na ukumbi wote ukasikia. Rabi amenieleza baadaye, kwamba katikati ya furaha mnakumbuka hekalu lililobomolewa Yerusalemu, ndipo mnapiga kelele za pongezi. Sawa. Lakini mtu akivunja glasi mbele yangu nitampa pole, sitaweza kuacha.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Tangu ukiwa mdogo nilikuwa najua siku ya harusi yako itakavyokuwa. Baba yako angekushika mkono akupeleke madhabahuni, nami ningekaa benchi la mbele na kitambaa, nikingoja. Hivyo ndivyo mama yangu alivyokaa. Kumbe kwenu mama hakai. Mnamtaka upande mmoja, baba upande mwingine. Nimekutembeza mwenyewe, Ndeshi, hatua kwa hatua, mpaka chini ya lile turubai la huppa lisilo na kuta, na ulipoanza kumzunguka Elphas mara saba nilikushikia pindo la gauni na kuzunguka nawe. Mzunguko wa tano nilisikia kizunguzungu. Sikuachia. Hapo niliwasamehe wote waliobaki, hata yule Sara.

Halafu wakaleta viti.

Hukuniambia habari za viti! Nilikuona wewe na Elphas mnainuliwa, nikapiga vigelegele nikijua nimemaliza kazi. Mara nasikia mtu anasema, "Sasa mama!" Nikageuka kukimbia. Kwaya yangu ndiyo iliyonikamata. Mama Clara na wenzake, wanawake wa Kilutheri wenye magoti mabovu, wakishirikiana na shemeji za Elphas waliotoka Mbale, wakanibeba juu pamoja na kiti. Nina miaka sitini na mbili. Nimeshika kiti kwa mikono miwili, kilemba kimekaa upande, nasema nishusheni, na hakuna anayesikia kwa ngoma.

Nikafungua macho. Ukumbi wote ulikuwa chini yangu, vilemba na kofia ndogo za kufuma, vimechanganyika mpaka huwezi kutenga. Juu tulikuwa mimi na wewe tu. Ukanyoosha mkono. Nami nikaachia kiti, nikanyoosha wangu. Haikufikiana. Mama Clara akapiga kelele kwa wenzake, "Sogeeni, sogeeni!" Wakasogea hatua mbili na magoti yao, nikashika vidole vyako.

Mama yako,
Prudensia